Kumzuru Bibi Maskati

Ndugu msomaji, watu husafiri kwa sababu nyingi. Mmoja hufuata biashara, wa pili hufuata elimu, wa tatu hutafuta tiba, na wa nne hufuata raha ya macho. Lakini iko sababu iliyo kongwe kuliko hizo zote, nayo ni kwenda kuwaona jamaa. Mwenye kwenda kuwaona jamaa hapotezi wakati wake hata akizurura sokoni, akinunua vitu vidogo vidogo, au akila nyama ya kuchoma kando ya njia. Kwa maana akiwa na macho na masikio, kila anachokiona, anachokinunua na anachokionja kitamwambia neno juu ya asili yake.

Mimi nafundisha historia katika chuo cha ualimu, na kwa miaka kadhaa nimewaambia wanafunzi wangu kwamba historia haikai vitabuni peke yake. Neno hilo nililisema kwa ulimi. Sikulijua kwa moyo mpaka nilipokwenda Maskati, mji mkuu wa Omani, kumzuru bibi yangu. Nakuomba ufuatane nami katika safari hiyo, kwani mwisho wake haukuwa kama nilivyoutazamia.

Huyo bibi ni dada mdogo wa babu yangu. Alizaliwa Unguja mwaka 1947, katika nyumba iliyopakana na shamba la mikarafuu. Babu aliondoka kwao akiwa kijana, akaja Mombasa kufanya kazi bandarini. Dada yake alibaki kwa wazazi. Mwaka 1964 alifika Mombasa akiwa na miaka 17 na furushi moja la nguo. Alikaa kwa kaka yake, akaolewa, na mwaka 1972 akafuatana na mumewe kwenda Omani. Baba yangu alikuwa mtoto wa miaka 12 wakati huo, na hata leo hukumbuka jinsi nyumba ilivyopoa alipoondoka. Tangu utoto wangu nilimjua bibi huyu kwa barua, kwa picha na kwa sauti ya simu. Uso wake sikupata kuuona.

Ndege ilivuka bahari kwa saa chache, nami dirishani niliona maji matupu. Usidanganyike na maji hayo, msomaji. Kati ya Mombasa na Maskati ni zaidi ya kilomita 3,000, na kwa karne nyingi umbali huo ulivukwa kwa upepo. Tangu Disemba hivi mpaka Machi huvuma kaskazi. Majahazi yaliupanda upepo huo yakashuka mpaka Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa, yamepakia tende, samaki wa chumvi na mazulia. Upepo ulipogeuka na kusi kuanza, kiasi cha mwezi wa Aprili, yalirudi Arabuni yamepakia boriti za mikoko, nafaka, pembe za ndovu, na baadaye karafuu. Upepo hauamrishwi. Baharia alilazimika kukaa miezi katika bandari ya ugenini akiungoja, na mtu akaaye miezi hujifunza lugha, huoa, huzaa, na huacha jamaa nyuma yake. Hivyo ndivyo pepo mbili zilivyofunga udugu baina ya pwani mbili. Lakini katika matumbo ya baadhi ya majahazi hayo walikuwamo watu ambao hawakuomba kusafiri. Hao tutawarudia.

Asubuhi ya kwanza mjukuu mmoja wa bibi alinipeleka kuutazama mji. Maskati ya kale ni ghuba ndogo iliyozungukwa na majabali makavu, meusi, yasiyo na mti wala jani. Juu ya majabali mawili zimekaa ngome mbili, Al-Jalali na Al-Mirani, na katikati yake kuna kasri la Sultani. Wareno waliuteka mji huo mwaka 1507, na ngome hizo wakazijenga katika miaka ya 1580. Mtu wa Mombasa akizitazama hujiona kama yuko kwao, kwa sababu Wareno hao hao ndio walioanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Hata mwisho wake unafanana. Ngome ya Yesu ilikuwa jela tangu mwaka 1895 mpaka 1958, na Al-Jalali nayo ilifunga watu kwa miaka mingi katika karne ya 20. Si ajabu basi kwamba neno letu gereza lilitoka kwa Wareno. Na la ajabu ni kwamba kwao maana yake ilikuwa kanisa. Neno lilitoka mahali pa sala likaishia mahali pa minyororo.

Waomani waliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Habari hiyo ilipofika kwetu, wazee wa Mombasa walituma ujumbe kwenda kuomba msaada. Msaada ulikuja. Ngome ya Yesu ilizingirwa tangu Machi 1696 mpaka Disemba 1698, njaa na maradhi yakaua wengi waliokuwamo ndani, na mwishowe Waomani wakaitwaa. Lakini aliyeitwa kuja kumtoa mgeni hakurudi kwao. Alikaa, akawa yeye mwenye amri. Hilo ni funzo la kwanza nililolipata nikiwa nimesimama juani chini ya jabali: mataifa, kama watu, husaidiana kwa hesabu.

Kutoka hapo tulikwenda Mutrah, ghuba ya pili yake, ambako kuna soko la kale. Soko hilo limeezekwa juu, vichochoro vyake ni vyembamba, na harufu ya ubani hukupokea kabla hujaingia. Ubani huo ni utomvu wa mti uotao Dhofar, kusini mwa Omani, na biashara yake ni ya tangu zama za kale sana. Niliona majambia ya fedha, vitambaa vya Bara Hindi, ndimu zilizokaushwa mpaka zikawa nyeusi, haluwa katika mabakuli, na magunia madogo ya karafuu. Nilishika karafuu chache kiganjani nikazinusa, nikasikia harufu ya Unguja katikati ya Arabuni.

Nilitaka kofia ya kumpelekea baba yangu. Nilikuwa nimejifunza maneno machache ya Kiarabu ya kununulia vitu, nikaanza kupatana bei kwa ulimi mzito. Mzee mwenye duka alinisikiliza kwa subira mpaka nilipokwama, kisha akasema, "Mwanangu, sema Kiswahili tu, usijitese. Watoka Mombasa au Lamu?" Niliona haya, kisha nikacheka. Mzee yule alikuwa mzaliwa wa Pemba. Alinipunguzia riali moja, akaniuliza kama embe za kwetu zimeanza kuiva, kana kwamba kwetu ni mtaa wa pili.

Kofia ile Waomani huiita kuma, na ni vazi la heshima la wanaume wao. Lakini itazame vizuri, msomaji: ule ufundi wa kutoboa vitundu vidogo na kuvizungushia uzi ndio ufundi wa kofia ya viua ya Lamu na Unguja. Nilipomwonyesha bibi, alicheka mpaka akafuta machozi. "Mjukuu wangu," alisema, "umevuka bahari yote hii kuja kununua kofia ya kwenu!"

Hata sarafu niliyolipia ilikuwa na habari yake. Riali moja ya Omani ni baisa 1,000. Neno baisa ni ndugu wa neno letu pesa. Yote mawili yametoka Bara Hindi, katika neno paisa. Sultani Barghash wa Unguja alitoa sarafu za shaba za jina hilo zenye tarehe ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1881 hadi 1882. Kila utajapo pesa, unataja wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa kiungo cha tatu cha bahari hii.

Jioni mji ulipopoa tulikwenda kula kando ya barabara. Vijana walikuwa wamepanga majiko ya makaa, wakipepea nyama iliyotungwa vijitini, na moshi ukipanda kama katika mitaa ya Mombasa usiku wa Ramadhani. Jina lake ni mishkaki huko kama kwetu. Tulikula tumesimama, tukichovya nyama katika rojo la ukwaju na pilipili mpaka midomo ikawaka. Pilipili hiyo asili yake ni Amerika. Ilifika upande huu wa dunia baada ya Wareno kufungua njia zao za bahari. Kwa hiyo kijiti kimoja cha nyama kilikuwa na makaa ya Arabuni, viungo vya Bara Hindi, na ukali uliotoka ng'ambo ya bahari nyingine kabisa. Kisha tuliingia katika mkahawa mdogo tukaagiza chai ya maziwa na hiliki, nikaona mandazi yamepangwa katika sinia. Nilimwuliza muuzaji jina lake. "Mandazi," alinijibu, "ni chakula chetu cha Omani." Sikumbishia. Aliyezaliwa akakuta mandazi mezani kwa mama yake ana haki ya kuyaita yake.

Hapana shaka unajiuliza: imekuwaje mzee wa Pemba auze kofia Mutrah, na mandazi yawe chakula cha Omani? Jibu lake ni la zaidi ya miaka 150. Seyyid Said, aliyetawala Omani tangu mwaka 1806, aliona kwamba faida kubwa iko upande wetu wa bahari, na katika miaka ya 1830 na 1840 akahamishia makao yake Unguja. Karafuu zilikuwa zimekwisha kuletwa kisiwani mwanzoni mwa karne hiyo. Yeye alihimiza zipandwe kwa wingi, na Unguja na Pemba zikawa mashamba ya karafuu yaliyojulikana duniani kote. Alifariki baharini mwaka 1856, akisafiri kutoka Maskati kurudi Unguja, kana kwamba hata mauti hayakujua yampeleke wapi. Wanawe waligombania urithi, na mwaka 1861 Waingereza walikata shauri: mmoja atawale Omani, mwingine atawale Unguja, na Unguja iilipe Omani reale 40,000 kila mwaka. Dola ikagawanywa kwa kalamu. Jamaa hawakugawanyika, waliendelea kusafiri kwa kaskazi na kusi kama zamani.

Sultani wa Unguja alihesabiwa pia kuwa mwenye nchi katika ukanda wa maili kumi wa pwani yetu ya Kenya mpaka mwaka 1963. Mwaka huo huo, tarehe 10 Disemba, Unguja ilipata uhuru. Siku mbili baadaye, Kenya. Haukupita hata mwezi na nusu, yakatokea mapinduzi ya Unguja, tarehe 12 Januari 1964. Watu waliuawa kwa maelfu, na wengi zaidi wakakimbia. Waliokimbilia Omani hawakupata mlango mpana, kwa sababu mtawala wa wakati ule aliifungia nchi yake. Mlango ulifunguka mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika utawala na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga nchi. Watu wa Unguja walikuwa na elimu iliyohitajiwa maofisini, shuleni na katika kazi za mafuta. Walirudi na vyeti vyao, na lugha yao, na mandazi yao.

Mpaka hapo, msomaji, nilijiona msafiri hodari. Daftari langu lilikuwa limejaa, na kila kitu kilikuwa kimepata maelezo yake. Jambo kubwa lilikuwa bado linaningoja nyumbani kwa bibi.

Usiku wa mwisho tuliketi juu ya zulia baada ya chakula. Chetezo kilikuwa kinafuka udi, na mbele yetu palikuwa na tende na kahawa. Bibi alinihadithia habari ambayo hakupata kuisema katika simu. Ile Jumapili ya Januari 1964, baba yake, yaani babu yake baba yangu, alitoka nyumbani alfajiri kwenda kumtazama ndugu yake mtaa wa pili. Hakurudi. Kaburi lake halijulikani mpaka leo. Bibi alisema hayo kwa sauti ya chini, bila kulia, kama mtu anayesoma maandishi aliyokwisha kuyakariri. Sikuwa na neno la kumpa.

Punde vitukuu vyake wawili waliingia kuaga wakalale. Aliwasemesha kwa Kiswahili. Walimjibu kwa Kiarabu, wakambusu mkono, wakaenda zao. Bibi alitikisa kichwa. "Lugha inawatoka," alisema. "Mwacha asili ni mtumwa."

Methali hiyo umeisikia mara nyingi, na huenda umeiandika katika insha zako. Mimi nimeifundisha. Lakini usiku ule, mikono yangu ikiwa bado inanukia karafuu za sokoni, neno lake la mwisho lilinigonga sikioni. Nilisitasita. Si adabu kumwuliza mzee jambo ambalo halitaji mwenyewe, tena mzee aliyetoka kukufunulia jeraha lake. Nilikaribia kunyamaza, na laiti ningalinyamaza nisingalikuwa na haki ya kukuandikia haya. Nikasema, "Bibi, niwie radhi. Katika shamba letu la karafuu, nani aliyechuma?"

Alikaa kimya muda wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa. Kisha akasema, "Karafuu hazikujichuma, mjukuu wangu."

Akaanza kueleza, pole pole. Shamba lile lilipandwa na kupaliliwa na watumwa waliotolewa bara. Miongoni mwao alikuwako mtoto wa kike aliyetekwa upande wa Ziwa Nyasa, akaletwa Unguja kabla soko la watumwa halijafungwa. Alipokua, bwana wa shamba alimfanya suria. Watoto aliomzalia walihesabiwa waungwana kwa sheria, wakaitwa kwa jina la baba yao. Na mmoja wa watoto hao alikuwa mama yake baba yake bibi. "Nasi tulikatazwa kumtaja mbele ya wageni," alisema. Nikamwuliza jina lake. "Liko jina alilopewa na bwana wake. Jina alilopewa na mama yake hakuna aliyelihifadhi. Hakuna aliyemwuliza."

Fikiri, ndugu msomaji, hali yangu wakati ule. Mara ngapi nimeandika ubaoni kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873! Mara ngapi nimewataka wanafunzi wakariri kwamba hali ya utumwa ilikomeshwa kwa sheria Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Omani mwaka 1970! Niliyaandika kama mambo ya watu wengine. Kumbe aliyenunua na aliyenunuliwa wote wawili ni wazee wangu, na damu yao inapita pamoja katika mkono ulioshika chaki.

Usiku ule sikulala upesi. Nilikuwa na misiba miwili mbele yangu: mtu aliyeuawa Januari 1964, na mtoto aliyetekwa yapata miaka 90 au zaidi kabla yake. Wako watu watajao msiba wa kwanza ili wa pili usahaulike, na wako watajao wa pili ili kuhalalisha wa kwanza. Wote hawaitendei haki historia. Mapinduzi yale yalikuwa na sababu zake: ardhi yenye rutuba ilikuwa mikononi mwa wachache, kumbukumbu ya utumwa ilikuwa haijapoa, na katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Mwanafunzi sharti azijue sababu hizo. Lakini kuijua sababu ya moto si kusema kwamba waliomo nyumbani walistahili kuungua. Msiba haulipwi kwa msiba. Hesabu yake huongezeka tu.

Asubuhi bibi alinisindikiza mpaka mlangoni. Alinipa kopo la haluwa kwa ajili ya baba, na karafuu kidogo katika karatasi. Alisema kwamba moyo wake umekuwa mwepesi. Kwamba alikuwa amelichukua jambo lile peke yake muda mrefu, akidhani likisemwa litatuvunjia heshima. Nilimjibu kwamba heshima iliyosimama juu ya mtu asiyetajwa haina msingi. Alitabasamu. "Basi mtaje," alisema.

Nami ndivyo nilivyofanya, kwa kadiri nilivyoweza. Niliporudi Mombasa baba alivaa kofia yake, akakata haluwa, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha tulitandika karatasi kubwa mezani tukaandika nasaba yetu tangu mwanzo. Jina la mwenye shamba tulikuwa nalo, na jina la baba yake, na la babu yake. Pembeni mwa jina lake tuliacha nafasi tupu, tukaizungushia mstari ili asiwepo wa kudhani kwamba tulisahau, na chini yake tukaandika: Mama yetu, kutoka Nyasa.

Nawe, msomaji, ukijaliwa kwenda kuwaona jamaa zako, iwe Kisumu au Kampala, Dar es Salaam au ng'ambo ya bahari, tembea, nunua, na onja kila kinachouzwa njiani; hayo ni haki ya msafiri. Lakini kabla hujafunga mzigo wako, keti na aliye mzee kuliko wote katika nyumba hiyo. Mwulize kwa adabu walitoka wapi, walikuja kwa njia gani, na nani aliyefanya kazi. Kisha nyamaza umpe wakati wa kumaliza kahawa yake. Huenda jibu likakusumbua. Litakuwa lako hata hivyo, na ni heri ulipokee kutoka mkononi mwa mzee angali hai kuliko kuacha nafasi tupu katika karatasi za wajukuu wako.